Hurrem wa Pili

Hoja ni hii: tamthilia ya Sultan ilikufa siku Meryem Uzerli, aliyemwigiza Hurrem, alipoondoka, na msimu wa nne ni maiti iliyovalishwa tu. Ameitoa msusi wa saluni moja hapa Nangara, ambaye rimoti ya televisheni yake haiguswi na mteja, hata awe amelipa kwanza. Wanaomjibu ni mwalimu wa historia wa sekondari aliyekuja kusukwa, kijana wa bodaboda anayemsubiri huyo mwalimu hapo mlangoni, binti wa dada yake msusi ambaye amemaliza kidato cha sita na anasaidia kuchambua rasta, na bibi mwenye nyumba, Mrangi wa kutoka Kondoa, ambaye alasiri nyingi humkuta barazani. Mwandishi naye yumo. Ni shabiki tangu Azam walipoileta kwa Kiswahili, ana upande wake, na hajifanyi refa.

Kwa wasioifuatilia: Waturuki wenyewe wanaiita Muhteşem Yüzyıl. Ilianza kuonyeshwa kwao Januari 2011, ikamalizika Juni 2014. Ni misimu minne, sehemu 139, kila sehemu ndefu kama filamu nzima, ndiyo maana vituo vya nje huzikatakata. Inamhusu Sultani Suleiman wa Dola ya Uthmaniya na Hurrem, msichana mateka aliyeingia kasri la Istanbul kwa mlango wa watumwa, akaishia kuwa mke wa ndoa. Historia imo ndani yake, lakini mwendo wake ni wa ngano tupu: kijakazi, sultani, waziri, mama mkwe mkali, sumu, pete ya zumaridi ambayo kila mwanamke wa kasri angeitolea roho.

MSUSI: Nasema bila kuzunguka. Hurrem ni yule mwenye nywele nyekundu, anayecheka mpaka mama mkwe anakosa usingizi. Alikuja na meli akilia, hana baba, hana mama, lugha haijui, na haukupita muda kasri zima likawa linamzungumzia yeye. Nilimpenda na ubaya wake. Mwisho wa msimu wa tatu wakatuambia ametekwa. Sawa, tukasubiri. Kuja kurudi, ni mama mwingine kabisa! Macho mengine, kidevu kingine, na Suleiman wala hashtuki. Mume gani huyo asiyeuliza?

DEREVA: Dada, mtu amempata mkewe mzima baada ya kutekwa, aanze kumkagua kidevu?

MSUSI: Wewe nyamaza, hata hukuitazama.

DEREVA: Niliisikia. Hilo tutalifikia.

MWALIMU: Tuanze na haki ya mtu kuchoka. Uzerli alikulia Kassel, Ujerumani, na alikwenda Istanbul kwa ajili ya kazi hii. Sehemu moja kila wiki, na kila sehemu filamu. Mei 2013 akarudi Ujerumani, akasema ameishiwa nguvu, mwili na roho. Wenye tamthilia wakabaki na msimu mmoja mkononi na hawana Hurrem. Wakampa nafasi Vahide Perçin. Ulitaka wafanye nini?

MSUSI: Wamuue. Kwenye hadithi, lakini.

MWALIMU: Hurrem wa kweli alifariki mwaka 1558. Mustafa, mtoto wa mke mwenzake, alinyongwa 1553. Ukimtoa Hurrem mapema, njama za kumwangusha Mustafa atazisuka nani?

MSUSI: Kwa kuwa umetaja kusuka, nisikilize. Kichwa chako hiki nikikianza mimi, katikati nimwachie huyu binti amalizie, mtu atakayekaa nyuma yako kanisani ataiona mistari imebadilika. Kazi ni ya mkono mmoja.

MWALIMU: Basi mkono ulibadilika mapema kuliko unavyodhani. Misimu miwili ya mwanzo iliandikwa na Meral Okay. Alifariki kwa saratani Aprili 2012. Msimu wa tatu ukaandikwa na Yılmaz Şahin. Na msimu wa tatu uliupenda, umesema mwenyewe sasa hivi.

Msusi hakujibu papo hapo. Alipokea msokoto mwingine wa rasta kutoka kwa binti wa dada yake, akaugawa kwa vidole, akaanza fundo la kwanza kwa nguvu kiasi kwamba mwalimu alifumba jicho moja.

MSUSI: Mwandishi simwoni. Hurrem namwona.

Jibu hili ni zito kuliko lilivyosikika pale saluni, ambapo watu waliangua kicheko. Anayetazama tamthilia jioni baada ya jioni hajafunga mkataba na mwandishi wala kampuni. Amefunga na uso. Anajua uso huo ukikunja paji kinafuata nini. Kalamu ikibadilika, uso unaificha. Uso ukibadilika, hakuna wa kuuficha. Mwalimu alishinda hoja ile kwa tarehe, lakini hakumshinda msusi.

BINTI: Mamdogo, nyinyi mlibadilishiwa mtu mmoja mkanuna. Mimi nilirushiwa Once Upon a Time kwenye flashi, misimu yote saba. Ile ni ngano hasa: Snow White, Malkia Mwovu, Cinderella, wote wamelaaniwa wakajikuta kwenye mji mdogo wa Marekani unaoitwa Storybrooke, hawakumbuki wao ni nani. Mwisho wa msimu wa sita wakaondoka karibu wote. Emma, Snow White, mumewe, hata Henry yule mtoto. Msimu wa saba, wa 2017, mji si ule tena, tuko Seattle. Henry ni mwanamume mzima na hamkumbuki binti yake. Halafu wanatuletea Cinderella mwingine, wakati msimu wa kwanza tulishakuwa na Cinderella!

MSUSI: Na ukaendelea kutazama?

BINTI: Niliendelea, kwa sababu walinipa sababu. Walisema kuna vitabu vingi, kila kitabu kina Cinderella wake. Na laana mpya imewabadilisha majina: Malkia Mwovu sasa anauza baa na anaitwa Roni. Uchawi upo kwenye hadithi, kwa hiyo uchawi unaweza kubeba lawama. Sultan haina uchawi. Pale walitudanganya mchana kweupe.

MWALIMU: Na hiyo yenye sababu iliishaje?

BINTI: Mei 2018 wakaifunga. Watazamaji walikuwa wamekimbia.

MWALIMU: Na ile isiyo na sababu ilifika mwisho iliopangiwa.

BINTI: Madam, kufika si kupendwa.

Hapo niliona afadhali niingie. Maelezo ni dawa inayotolewa kwa mtazamaji ambaye ameshaumwa. Msimu wa saba wa Once Upon a Time ulitumia saa nyingi kutueleza kwa nini tuwapende wageni, na Lana Parrilla na Robert Carlyle, waliobaki tangu mwanzo, wakageuzwa wenyeji wa kupokea wageni kwenye hadithi yao wenyewe. Sultan haikueleza chochote. Vahide Perçin aliingia, akavaa taji, akaanza kazi. Ni ukatili, lakini unaheshimu akili ya mtazamaji: unajua kilichotokea, nasi tunajua, tuendelee.

DEREVA: Sasa zamu yangu. Mimi kazi yangu ni kusubiri abiria. Sultan nimeifuata nikiwa hapa mlangoni, mgongo kwa televisheni. Hurrem wangu ni sauti. Na sauti ile si ya yule Mjerumani wa mwalimu, ni ya dada wa Kitanzania aliyekaa studio Dar es Salaam. Kwa hiyo dada yangu, huyo Hurrem unayesema ni mmoja, alikuwa wawili tangu siku ya kwanza: uso wa kule, mdomo wa huku.

MSUSI: Hilo nililijua tangu sehemu ya kwanza, nikakubali. Uso walinibadilishia katikati.

DEREVA: Wazee wetu walikuwa wananunua kanda za filamu za Kichina kwa sababu ya Lufufu. Walikuwa hawaulizi nani ameigiza. Wanauliza, ametafsiri Lufufu?

MWALIMU: Kuna jambo limepotea hapo na hakuna aliyeligusa. Kituruki cha Uzerli kilikuwa na lafudhi ya kigeni, na Waturuki wakaona inafaa, kwa kuwa Hurrem naye alikuwa mgeni kwenye kasri lile. Aliletwa kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine. Kwenye Kiswahili, Hurrem anaongea kama mtoto wa mjini.

DEREVA: Ndiyo maana tulimwelewa!

BIBI: Wajukuu zangu, mnapiga kelele sana kwa mambo ya sultani. Mmesalimia leo?

WOTE: Shikamoo bibi.

BIBI: Marahaba. Huyu msichana wenu aliolewa na sultani?

MSUSI: Aliolewa, bibi. Msimu wa pili huko.

BIBI: Basi hadithi ingeishia hapo. Wakaishi raha mustarehe.

MSUSI: Umesikia, mwalimu? Bibi yuko upande wangu.

BIBI: Sijamaliza. Ningeishia hapo kama nasimulia watoto wanaosinzia. Kwa wakubwa kuna ile ya Sultani Darai.

Akaisimulia, nami naifupisha. Maskini mmoja alikuwa akichakura jaani apate punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, akanunua paa. Paa huyo akawa anaongea. Akaenda machungani, akachimbua almasi, akaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali: imetoka kwa bwana wangu, Sultani Darai, anataka kumwoa binti yako. Sultani akafurahi. Paa akarudi kumchukua yule maskini, akamfikisha mtoni, akamwacha pale bila nguo, akaenda kusema bwana wangu ameporwa na wezi njiani. Zikatoka nguo za kifalme. Harusi ikafungwa. Nyumba ikawa haipo, paa akaenda kwenye jumba la joka la vichwa saba, akaliua, jumba likawa la bwana wake. Hapo, msimu wa kwanza umekwisha, na msimuliaji mvivu anaweza kwenda kulala.

BIBI: Sasa ndipo hadithi. Paa akaugua. Akatuma mtu: mwambieni bwana mwili unaniuma. Bwana yuko juu, ameshiba. Akasema mpikieni uji wa mtama mwekundu. Mtama! Ule ule aliokuwa akiuokota jaani. Mkewe akaona aibu, akapeleka wali na maziwa kwa siri. Paa akafa kwa uchungu. Bwana akasema mtupeni kisimani. Mke akamwandikia baba yake, sultani akaja mbio, akashuka kisimani mwenyewe, akamtoa paa, akamzika kwa heshima. Usiku ule mke akaota yuko kwao, akaamka yuko kwao. Na mume akaota anachakura jaani.

BINTI: Akaamka?

BIBI: Akaamka yuko jaani, vumbi mpaka kichwani.

Mwalimu akaongeza kwamba ngano hii si ya juzi: Edward Steere aliichapa mwaka 1870 kwenye mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja. Kwa hiyo anayedai ngano huishia harusini hazijui ngano za pwani yetu. Zinazokumbukwa ndizo zilizouliza aliyepandishwa anafanya nini akishapanda.

MSUSI: Nakubali, bibi. Lakini yule maskini mwanzo mpaka mwisho alikuwa na sura yake ile ile.

BIBI: Ulimwona wapi?

Hapa kikao kilivunjika kwa kicheko kwa muda, na mteja mwingine aliyekuja kuuliza kama kuna foleni akaondoka bila kujibiwa.

Msimu wa nne wa Sultan ni uji wa mtama. Ndiyo sababu naupenda, na ndiyo sababu sidhani kama Uzerli angeufaa, hata angekuwa mzima na tayari. Chukua ile sehemu ya Februari 2014. Mustafa, aliyeigizwa na Mehmet Günsür, anaitwa kwenye hema la baba yake. Anaonywa asiende, anakwenda. Anaingia bila silaha, anakuta wanyongaji wenye kamba, na Suleiman yuko nyuma ya pazia akisikia mwanawe anavyopambana. Uturuki ilizizima. Watu wakamiminika kwenye kaburi la Mustafa mjini Bursa kumwombea mtu aliyekufa zaidi ya miaka 460 nyuma. Hata kwenye historia kifo kile hakikupita kimya: askari wa Janisari walichachamaa, waziri mkuu Rustem Pasha akaondolewa kwa muda, na mshairi Yahya wa Taşlıca akatunga maombolezo yaliyomsema Rustem waziwazi.

Nyuma ya yote yuko Hurrem. Uso wa kwanza ungetufanya tumsamehe. Tulimwona akishuka melini akilia; kila alipotenda ovu tulikumbuka chozi lile, tukasema maskini, naye ametoka mbali. Uso wa pili hauna chozi hilo. Perçin hacheki ovyo, hapaparuki, anasimama dirishani anahesabu. Kwa mara ya kwanza tukamwona Hurrem jinsi Mahidevran, mama yake Mustafa, alivyokuwa akimwona siku zote. Wenye tamthilia walibahatisha tu, mwigizaji amewakimbia wakaziba pengo. Lakini bahati hiyo ilitupa kitu ambacho hakuna mwandishi angethubutu kukipanga: ilitunyang'anya huruma yetu wakati ule ule tulipokuwa tunaitumia vibaya.

MSUSI: Kwa hiyo lawama zote kwa mwanamke. Nani alitoa amri? Suleiman. Nani alipeleka fitina? Rustem. Na mnajua desturi ya ukoo ule? Anayekaa kwenye kiti anawaua ndugu zake. Mustafa akitawala, watoto wa Hurrem wote wanakwenda na kamba. Wewe ungekuwa mama yao ungefanyaje? Ungeimba?

MWALIMU: Hapo uko sahihi kabisa. Mwaka 1595 kitukuu cha Hurrem mwenyewe, Sultani Mehmed wa Tatu, alipokalia kiti aliwanyonga ndugu zake 19.

MSUSI: Kumi na tisa! Na mnataka Hurrem akae anakunywa sharubati.

DEREVA: Dada, hayo ya kamba na desturi yako msimu gani?

MSUSI: Wa nne.

DEREVA: Si ulisema ni maiti?

MSUSI: Niliutazama nikiwa nimenuna.

Mwalimu akatupeleka Unguja, na nilitamani tukae huko zaidi. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria. Mmoja wao ni Salme, aliyezaliwa 1844 kasri la Mtoni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akafika Unguja. Salme aliyaandika haya mwenyewe kwa Kijerumani, kitabu kikatoka 1886, baada ya kutoroka, kuolewa Aden na kuhamia Hamburg. Mwaka 1859 ndugu zake waligombea kiti: Barghash akamwasi Majid, na Salme, kijana wa miaka kama 15, akawa mwandishi wa barua za waasi. Barghash alishindwa, akapelekwa Bombay, akarudi, na mwaka 1870 akawa sultani. Mwalimu alitaka tuone tofauti hiyo: Unguja aliyeshindwa alipakiwa kwenye meli, Istanbul alipelekewa kamba. Binti akauliza kwa nini hiyo haijawa tamthilia. Hakuna aliyekuwa na jibu zuri.

Msimu wa nne una kasoro zake, na sitazipamba. Kila mlango una sikio nyuma yake. Wana wa Hurrem, Selim na Bayezid, wanagombana mpaka unatamani wote wawili wapewe likizo. Na baada ya Hurrem kufa hadithi inavuta mguu hadi Suleiman afe vitani Szigetvár mwaka 1566, kana kwamba mwenye nyumba ameondoka na wageni bado wamekaa. Erdoğan naye, waziri mkuu wa Uturuki wakati huo, alikuwa ameshalalamika Novemba 2012 kwamba Suleiman wa kweli alikaa miaka 30 juu ya farasi, si kwenye harem. Kwa msimu huu wa mwisho angeweza kulalamika pia kwamba hata farasi wamechoka.

BINTI: Na Kösem je, mamdogo? Ile waliyoitengeneza baadaye. Akiwa mdogo ni Anastasia Tsilimpou, akikua ni Beren Saat, msimu wa pili ni Nurgül Yeşilçay. Nyuso tatu! Hukulalamika hata mara moja.

MSUSI: Ile walipanga. Mtu anakua, miaka inapita, wananiambia. Hii iliwapata.

MWALIMU: Wewe ukiwa umekaa hapo unatazama, utajuaje ipi imepangwa na ipi imewapata?

MSUSI: Inajulikana tu. Watu wakishtukizwa huwa wanaongea haraka.

DEREVA: Nikuulize la mwisho, abiria wangu anakaribia kumaliza. Ile sehemu Hurrem anakufa, ulilia?

MSUSI: Nililia.

DEREVA: Kwa huyu mama mwenye kidevu kingine?

MSUSI: Nilimlilia yule wa kwanza.

BINTI: Mamdogo, yule wa kwanza hakufa. Alirudi kwao tu.

MSUSI: Ndiyo hivyo sasa. Hata kufa hawakumpa.

MWALIMU: Dada, unakaza mno.